Kila Kazi na Daftari Lake

Pita kwa mafundi cherehani wa mtaa wowote wiki moja kabla ya Idd au Krismasi. Vitambaa vimerundikana mezani, vingine vimo mifukoni chini ya mashine, na kila kimoja kina mwenyewe aliyekwisha kupimwa, kutoa kianzio na kupewa siku ya kuja kuchukua nguo yake. Mkesha wa sikukuu ukifika, fundi hajalala vizuri siku kadhaa, macho yamemwiva, na barazani wamekaa watu wanaosubiri mikono ya mashati iungwe. Wapo watakaorudi nyumbani mikono mitupu. Yupo mtoto atakayesherehekea na nguo ya mwaka jana, na kitambaa chake kipya kiko kwa fundi, hakijaguswa na mkasi.

Watu ni wepesi kumwita fundi huyu mwongo. Mimi simwiti hivyo. Anafanya kazi kuliko wengi wetu, na anapomwambia mteja "njoo Ijumaa" anasema kwa nia njema. Kilichomponza ni hesabu ambayo hakuifanya. Chukulia anaweza kumaliza nguo tatu kwa siku na tayari ana vitambaa 40 vinavyongoja. Mteja wa 41 hawezi kupata nguo yake kabla ya siku ya 14, hata umeme usipokatika, hata kusiwe na msiba wala mtoto wa kupeleka hospitali. Fundi hajui kwamba ana vitambaa 40. Havijaandikwa pamoja popote. Vingine viko kwenye meseji za simu, vingine kwenye kijikaratasi kilichobanwa na pini, na vingi viko kichwani mwake tu.

Ndugu zangu, andiko hili ni wito kwa kila anayekula kwa jasho lake, awe wa cherehani, wa wodini, wa darasani, wa ofisini au wa shambani. Kila mmoja wetu ajitafutie utaratibu wa kuendesha kazi zake, uwe umetokana na kazi yenyewe, uwe umeandikwa, na aufuate. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tukalichukua neno hilo kwa upande wa fedha peke yake. Mwenye duka anaandika madeni ya sukari na unga hadi shilingi ya mwisho. Lakini ahadi nayo ni deni, tumefundishwa hivyo tangu utoto, na wengi wetu hatuna hata ukurasa mmoja wa kuandika ahadi tunazodaiwa.

Najua wengi wamejaribu. Vitabu vya kupanga kazi viko vingi, na programu za simu hazihesabiki. Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaitumia kujipimia muda wa kusoma bila kunyanyua kichwa, na njia iliyotokana nayo ni dakika 25 za kazi, kisha dakika tano za kupumzika, halafu kuanza tena. Njia hiyo imesaidia watu wengi duniani. Mjerumani Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, alijiwekea kadi zipatazo 90,000 ndani ya makabati, kila kadi ikiwa na wazo moja na namba inayoiunganisha na nyingine, na kutokana na kadi hizo akaandika vitabu kwa makumi. Mmarekani David Allen, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, alishauri mtu aandike kila jambo linalomkaa kichwani, aamue hatua inayofuata kwa kila moja, kisha ayapitie yote mara moja kwa wiki.

Sina ugomvi na yeyote kati yao. Kila mmoja alijitengenezea utaratibu kutokana na kazi aliyokuwa nayo, na hapo ndipo penye somo. Mwanafunzi wa chuo ana saa za kujifungia. Profesa ana makabati na ukimya. Muuza duka hawezi kumwambia mteja aliyekuja na mia tano ya chumvi asubiri dakika 25 ziishe. Muuguzi wa wodi ya wazazi hawezi kuweka simu mbali na kufunga mlango. Mama lishe ameamka saa kumi alfajiri, ana masufuria matatu motoni, na mteja wa kwanza anafika saa kumi na mbili na nusu kabla maharage hayajaiva vizuri. Njia nyingi zinazosifiwa zinamdhani mtu mwenye meza yake, mlango wake, na ruhusa ya kuufunga.

Kwa hiyo kila Januari yule mwenye nia njema ananunua shajara nzuri, anajaza kurasa za mwanzo kwa mwandiko wa kupendeza, na ikifika Machi shajara imelala kabatini. Halafu anajihukumu. Anasema, mimi sina nidhamu. Nakusihi usijihukumu hivyo. Utaratibu wa kazi hukatwa kwa vipimo vya mwenyewe kama nguo, na ukikubana mabegani kosa si la mabega.

Kuna ushahidi wa jambo hili hapa hapa Tanzania, na nashangaa kwamba hatuuzungumzii zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja ndogo katika hospitali nane duniani. Miji iliyochaguliwa ilikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Ifakara ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Karatasi yenyewe ilikuwa orodha ya mambo 19 ya kukagua wakati wa upasuaji, na aliyeongoza kazi ya kuiandaa ni daktari wa upasuaji wa Boston, Atul Gawande. Wazo alilichota kwa marubani, ambao walianza kutumia orodha za namna hiyo baada ya ndege mpya ya Boeing kuanguka katika majaribio kule Ohio mwaka 1935, kwa sababu rubani mwenye uzoefu mkubwa alisahau kufungua kifaa kimoja kabla ya kuruka.

Mambo hayo 19 hayakuwa na elimu mpya. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua upande gani? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja iliyopita? Kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kabla mgonjwa hajatoka, muuguzi anathibitisha kwa sauti kwamba vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu vimehesabiwa. Hakuna daktari asiyeyajua hayo. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kabla ya karatasi ile wagonjwa 3,733 walifuatiliwa, na baada yake 3,955. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichobadilika ni kwamba mambo yanayojulikana yalitoka kichwani yakaandikwa, na yakasomwa katika dakika iliyopangwa.

Chini ya karatasi ile kulikuwa na maelekezo mafupi ambayo mimi nayaona ni muhimu kuliko yote 19: kila hospitali ilihimizwa kuongeza na kurekebisha ili orodha ilingane na mazingira yake. Shirika la dunia nzima, lenye wataalamu wake wote, liliona haliwezi kumpangia mtu wa Ifakara kila kitu kutoka makao yake makuu Geneva.

Mwaka 2010 serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, ilizitaka hospitali zitangaze hadharani kwamba zinaitumia orodha hiyo. Zikatangaza, karibu zote, kwa kiwango cha juu sana. Mwaka 2014 watafiti walipochunguza hospitali 101 za jimbo hilo hawakuona vifo kupungua kwa kiasi cha maana. Toronto, mmoja wa ile miji minane, iko katika jimbo hilo hilo. Wataalamu walibishana juu ya sababu. Wapo waliosema muda uliopimwa ulikuwa mfupi, na wapo waliosema karatasi ilijazwa na kazi ikabaki ilivyokuwa. Mimi niko na hawa wa pili, maana nimeona fomu nyingi zikijazwa maofisini mwetu saa moja kabla mkaguzi hajafika. Utaratibu ulioletwa kwa amri, ambao mfanyakazi hakuuliziwa wala hakuruhusiwa kuugusa, hugeuka kuwa kazi nyingine juu ya kazi.

Sasa turudi kwa fundi wetu, maana yeye anaweza kusaidika kesho asubuhi. Katika viwanda vya magari vya Toyota, Japani, mhandisi Taiichi Ohno na wenzake walijenga utaratibu wa kadi. Sehemu moja ya kiwanda haitengenezi kitu mpaka kadi ije kutoka sehemu inayokihitaji, na kadi zote zikiwa tayari zimo kazini, hakuna mzigo mpya unaoanza. Idadi ya kadi ndiyo kikomo. Fundi hahitaji kiwanda ili afanye hivyo. Akate kadi 30 za karatasi ngumu. Kila kitambaa kinachoingia kibanwe na kadi moja yenye jina, vipimo, kianzio na tarehe. Nguo ikichukuliwa, kadi inarudi mahali pake. Kadi zikiisha, mteja mpya anaambiwa ukweli: nafasi yangu ya karibu ni tarehe fulani. Kwa nguo tatu kwa siku, kadi 30 ni kazi ya siku kumi, na fundi anaiona foleni yake kwa macho bila kuikumbuka. Atapoteza wateja wachache wa haraka. Atabaki na wanaorudi. Na hili linamhusu pia fundi seremala, fundi magari, mchapishaji wa kadi za harusi, na yeyote ambaye kazi humfikia kwa foleni.

Muuguzi foleni yake ni nyingine kabisa. Kwake hatari kubwa iko pale zamu zinapobadilishana, wakati aliyechoka anamkabidhi aliyefika. Taaluma yake ilishagundua dawa zamani, nayo ni kitabu cha ripoti ya zamu. Anachohitaji ni kukiheshimu kitabu hicho, akiandike wakati jambo linatokea na si dakika ya kuondoka. Mwalimu naye ana azimio la kazi na andalio la somo. Wapo wanaoviandika kwa ajili ya macho ya mkaguzi tu, na wapo wanaoongeza pembeni mstari mmoja kila baada ya kipindi: wapi watoto walikwama. Mstari huo ndio utaratibu hasa. Mkulima kalenda yake ni mvua, na daftari lake linafaa lipangwe kwa masika na vuli kuliko kwa Jumatatu na Jumanne: alipanda lini, alipalilia lini, palizi ilimgharimu kiasi gani, mwaka huu ili mwakani asikisie.

Nataka kukaa kidogo na mtu wa ofisini, kwa sababu yeye ndiye anayeamini kwamba programu za simu zilitengenezwa kwa ajili yake, na bado analala akiwa na kazi zile zile. Kazi yake humjia kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Barua pepe, vikundi vya WhatsApp vitano au sita, simu ya bosi, mgeni aliyechungulia mlangoni na kusema ana dakika moja tu. Kila njia ina orodha yake, na hakuna mahali zinapokutana. Huyu hahitaji kuongezewa programu nyingine. Anahitaji sehemu moja, daftari au simu, apendavyo mwenyewe, ambamo kila ombi linahamishiwa siku linapofika: nani ameomba, nini, lini. Kisha ajue saa ambazo kichwa chake kina nguvu. Kama ni asubuhi kabla ofisi haijachangamka, kazi ngumu ya kuandika iwekwe hapo, na kujibu meseji kuwekwe mchana akili inapolegea. Akiwa ni mtu wa usiku, afanye kinyume chake na asione haya.

Pamoja na tofauti zote hizo, kuna mambo mawili ambayo sijaona kazi isiyoyahitaji: mahali pamoja pa kuandika, na wakati maalumu wa kusoma kilichoandikwa. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake Berlin, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu walizikumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizomalizika. Jambo lisilokwisha huendelea kugonga kichwani. Ndiyo maana mtu huamka saa nane za usiku akikumbuka barua ambayo hajaipeleka. Mwaka 2011 watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo la kutia moyo: mtu akiweka mpango mahususi wa lini na vipi atalifanya jambo, linaacha kumsumbua hata kabla hajalifanya. Kwa maneno mengine, anayeandika "Jumatano, baada ya Adhuhuri, nipeleke barua kwa mtendaji wa kata" amejinunulia usingizi.

Wakati wa kusoma ni bora ufungwe kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa. Watu wa pwani wameahidiana baada ya Alasiri na baada ya Isha kwa karne nyingi, na ahadi hizo hazihitaji kengele ya simu. Mwingine atasoma daftari lake akiwa kwenye daladala, mwingine Jumapili akitoka kanisani, mwingine akisubiri chai ichemke. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, vinafanya jambo hili vizuri kuliko kampuni nyingi. Siku ile ile kila wiki, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, kila mwanachama anasikia anadaiwa nini na amelipa nini, kisha sanduku linafungwa. Mama anayeweza kufanya hivyo kwa fedha za wenzake 30 anaweza kuketi peke yake robo saa kila wiki na kufanya hivyo kwa kazi zake.

Lakini mama huyo huyo ana zamu mbili. Akitoka sokoni anaingia jikoni, na kuna mgonjwa wa kumwangalia na sare za shule za kufua. Siwezi kumwambia kwamba daftari litamwongezea saa. Haliongezi. Kazi ikizidi uwezo wa mtu mmoja, dawa yake ni kugawana, na mume na watoto wakubwa wamo katika wito huu. Ninachojua ni kwamba mzigo usioandikwa hauonekani, na usioonekana haugawanyiki. Orodha ya kazi za nyumbani iliyobandikwa jikoni, yenye majina ya watu wote wa nyumba, imewahi kumaliza mabishano ambayo maneno matupu yalishindwa kuyamaliza.

Vivyo hivyo kwa mfanyakazi aliyelemewa. Akienda kwa mkuu wake na malalamiko ataambiwa ajitume. Akienda na ukurasa unaoonyesha kazi 17 alizopewa, nani alimpa na kila moja inatakiwa lini, akaomba aambiwe ipi itangulie, mazungumzo yanabadilika.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa kazi, mameneja, walimu wakuu, wenyeviti wa vikundi na wenye karakana: msiwanunulie watu wenu utaratibu mmoja na kuwaamuru waufuate. Waulizeni kazi inakwama wapi. Kikao cha saa tatu kianze saa tatu, maana watu 20 wakimsubiri mmoja nusu saa, mmepoteza saa kumi za kazi ambazo hakuna daftari litakalozirudisha. Meseji ya saa nne usiku ingojee asubuhi kama hakuna nyumba inayoungua. Na mfanyakazi akikwambia "hii siwezi kabla ya Alhamisi," mshukuru, kwa kuwa amekwambia mapema.

Nasi wateja na majirani tuna sehemu yetu. Tukimlazimisha fundi aseme "kesho" kwa sababu hatutaki kusikia "wiki ijayo," tunamfundisha kutudanganya. Tukubali tarehe ya kweli.

Ukijaribu utaratibu, upe muda wa kutosha kupita siku nzuri na siku mbaya, ikiwamo wiki ya msiba, wiki ya mgao wa umeme, na kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani ambapo saa za kazi zote hugeuka. Kipengele usichokitumia kifute. Ukivutiwa na njia ya mwenzako, chukua kipande kinachokufaa na umwachie kilichobaki.

Basi leo, kabla hujalala, chukua karatasi yoyote uandike kila ahadi unayodaiwa na mtu: jina lake, jambo lenyewe, na siku uliyomwambia. Weka alama kwa zile ambazo unajua hutaweza kuzitimiza kwa wakati. Kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, wapigie hao mmoja mmoja uwape tarehe ya kweli.